Safaktanti na Nanochembe: Mwongozo Kamili wa Kutoa Mafuta Yaliyokwama Mwambani

Hifadhi ya mafuta, yaani tabaka la mwamba lililobeba mafuta chini ya ardhi, ikizeeka, visima vyake huanza kutoa maji mengi na mafuta kidogo, na ni rahisi kudhani imekauka. Haijakauka. Shinikizo la asili likishaisha na maji yakishasukumwa chini kwa miaka mingi, kwa kawaida theluthi mbili hivi ya mafuta bado yamo mwambani. Sehemu ya mafuta hayo ipo mahali ambapo maji hayakufika kabisa. Sehemu nyingine ipo palepale maji yalipopita: yamekatikakatika yakawa matone, na matone yamenaswa ndani ya vinyweleo vya mwamba. Mwongozo huu unahusu hayo ya pili, na jinsi ya kuyang'oa kwa safaktanti, yaani kemikali za jamii ya sabuni zinazolegeza mpaka kati ya maji na mafuta, zikisaidiwa na nanochembe, chembe ngumu zenye kipenyo cha nanomita 1 hadi 100.

Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zinausimamia: mchanganyiko huu hupangwa kuanzia kwenye mwamba na maji ya hifadhi husika. Anayeanza na chupa ya kemikali iliyosifiwa, kisha akaitafutia kazi, hupata matokeo mazuri kwenye glasi na hasara ardhini. Mwamba hunyonya kemikali, chumvi hugandisha nanochembe, na joto huvunja molekuli. Hayo matatu ndiyo ya kushughulikia kabla ya kufurahia chochote.

Kwanza, fahamu kinachoyashika mafuta

Chukua tone la mafuta lililokwama kwenye koo la kinyweleo lenye nusukipenyo cha mikromita 5. Mkazo wa mpaka kati ya mafuta ghafi na maji ya chumvi huwa karibu 30 mN/m (milinyutoni kwa mita). Ukizidisha mkazo huo kwa mbili na kuugawa kwa nusukipenyo, unapata shinikizo la kapilari la paskali 12,000. Sasa angalia nguvu inayolisukuma. Hata shinikizo likipungua kwa paskali 20,000 kwa kila mita ya safari ya maji, tone lenye urefu wa mikromita 100 husukumwa na paskali 2 tu. Hapo hakuna ushindani.

Wahandisi hueleza mvutano huu kwa namba ya kapilari: mnato wa maji mara kasi yake, gawanya kwa mkazo wa mpaka. Kwa maji ya kawaida yanayosafiri kama sentimita 30 kwa siku, namba hiyo ni takriban 10⁻⁷. Mafuta yaliyonaswa huanza kutoka kwa wingi namba inapofika kati ya 10⁻⁴ na 10⁻³. Tunahitaji basi kuikuza mara elfu hadi elfu kumi. Kasi haiwezi kuongezwa kiasi hicho, kwa maana mwamba utapasuka kwanza. Mnato unaweza kupandishwa kwa polima mara kumi au hamsini, si zaidi. Kinachobaki ni mkazo wa mpaka: uushushe kutoka 30 hadi karibu 0.003 mN/m. Hiyo ndiyo kazi ya safaktanti, na hakuna nanochembe inayoweza kuifanya peke yake kwa kiwango hicho.

Kwenye miamba inayopenda mafuta, kama ilivyo mingi ya chokaa, kuna njia ya pili. Badala ya kushusha mkazo hadi chini kabisa, unaweza kuugeuza mwamba uanze kupenda maji. Maji yataingia yenyewe kwenye vinyweleo vidogo na kuyafukuza mafuta. Hapa nanochembe zina mchango mkubwa zaidi, nami nitaueleza mahali pake.

Pili, kusanya taarifa za hifadhi

Usinunue hata gramu moja ya kemikali kabla ya kujua joto la hifadhi, upenyezaji wake (urahisi wa mwamba kupitisha vimiminika), madini yake na kemia ya maji yake. Omba uchambuzi kamili wa maji ya hifadhi na pia ya maji yatakayosukumwa, na usiridhike na jumla ya chumvi pekee. Maji mawili yenye chumvi sawa yanaweza kuwa tofauti kabisa kikazi, kwa sababu ioni za kalsiamu na magnesiamu zenye chaji mbili huumiza sulfoneti (jamii moja ya safaktanti) na nanochembe kuliko sodiamu.

Kwenye madini, tafuta udongo wa mfinyanzi. Asilimia chache za udongo zina eneo la uso kubwa kuliko mchanga wote unaozizunguka, na huko ndiko kemikali yako itakakonata. Tafuta pia anihidriti na jasi, ambayo ni madini ya kalsiamu salfeti, kwa kuwa zinayeyuka polepole na kuendelea kumwaga kalsiamu hata kama wewe umeleta maji laini.

Mafuta nayo yapimwe: mnato, msongamano, asidi, na asfaltini, yaani sehemu yake nzito kuliko zote. Mafuta yenye asidi nyingi hutengeneza sabuni yake yanapokutana na alkali kama sodiamu kaboneti, na hilo linaweza kukupunguzia safaktanti.

Tatu, chagua safaktanti

Kanuni ya msingi ni chaji. Uso wa mchanga huwa na chaji hasi katika maji ya hifadhi, kwa hiyo safaktanti za chaji hasi husukumwa mbali nao na hunata kidogo. Mwamba wa chokaa mara nyingi una chaji chanya, isipokuwa alkali inapokuwa juu au maji yanapokuwa na salfeti na kaboneti za kutosha kuugeuza. Hapo safaktanti za chaji chanya hunata kidogo zaidi. Zina faida nyingine: huungana na asidi za mafuta zilizoshika mwamba na kuzing'oa, na hivyo mwamba hurudi kupenda maji.

Kisha joto na chumvi. Sulfoneti, kama za olefini na za alkilibenzini, huvumilia joto vizuri lakini huteswa na kalsiamu. Salfeti zenye mnyororo wa etha huvumilia kalsiamu, lakini zikipita nyuzi 60 hivi za Selsiasi huanza kuvunjwa na maji, isipokuwa mazingira yakiwa ya alkali. Kabosileti zenye mnyororo wa etha hustahimili yote mawili kuliko hizo. Zisizo na chaji huvumilia chumvi, ila kila moja ina joto lake ambalo likipitwa, myeyusho hugeuka ukungu na kemikali hujitenga.

Kwa sababu hiyo, mchanganyiko unaofanya kazi karibu siku zote ni wa safaktanti mbili au zaidi, mara nyingi sulfoneti yenye kuyeyusha mafuta ikiambatana na etha yenye kuvumilia chumvi, pamoja na pombe kidogo kama isobutanoli ya kuzuia jeli nzito. Usiwe mchoyo wa muda hapa. Andaa michanganyiko mingi, na mingi itaanguka.

Jaribio la kwanza ni rahisi mno kiasi kwamba watu huliruka: weka myeyusho bila mafuta kwenye chupa ya kioo, kwa chumvi ile ile utakayosukuma, kwenye tanuri lenye joto la hifadhi. Usipobaki angavu kwa wiki mbili, uondoe. Myeyusho wenye ukungu utaziba mwamba, hata mkazo wake uwe mdogo namna gani.

Nne, mirija ya chumvi

Michanganyiko iliyobaki angavu sasa ikutane na mafuta. Chukua pipeti za kioo zenye alama, funga ncha ya chini kwa moto, weka myeyusho wa safaktanti wenye asilimia 1 hadi 2 na mafuta kwa ujazo sawa. Kila pipeti iwe na chumvi tofauti, kwa mfano kuanzia asilimia 0.5 hadi 6, kwa hatua ndogo. Funga juu, pindua taratibu mara kadhaa bila kutikisa kwa nguvu, weka kwenye tanuri, kisha soma mistari ya mipaka siku ya kwanza, ya saba, ya kumi na nne na kuendelea hadi isisogee tena.

Kwenye chumvi ndogo, safaktanti hukaa na maji na kuchukua mafuta kidogo. Kwenye chumvi nyingi huhamia kwenye mafuta. Katikati hutokea tabaka la tatu, mikroemulsheni iliyobeba maji na mafuta pamoja, ile inayojulikana kama aina ya III ya Winsor. Chumvi ambapo tabaka hilo limebeba maji na mafuta sawasawa ndiyo chumvi bora ya mchanganyiko wako.

Uzuri ni kwamba unaweza kupata mkazo kwa kusoma pipeti tu. Mwaka 1979, Chun Huh alionyesha kuwa mkazo wa mpaka ni takriban 0.3 mN/m ikigawanywa kwa mraba wa uwiano wa mafuta yaliyobebwa kwa safaktanti iliyopo. Uwiano ukiwa 10, yaani mililita 10 za mafuta kwa kila mililita ya safaktanti, mkazo ni 0.003 mN/m. Ndiyo shabaha yetu ya hapo juu. Ukipata 10 na zaidi, na tabaka la kati likitiririka kama maji pipeti inapoinamishwa, una mchanganyiko wa kuendelea nao. Likiwa zito kama jeli litakwama mwambani hata kama uwiano ni 20.

Thibitisha kwa mashine ya tone linalozungushwa, ambayo hupima mikazo midogo sana. Mashine ya tone linaloning'inia haifai kwa kazi hii, maana chini ya 1 mN/m hivi tone hukatika kabla ya kupimwa vizuri.

Tano, ipe nanochembe kazi inayojulikana

Hapa ndipo maandiko mengi hupotea, kwa kuongeza nanochembe kwa sababu tu ni kitu kipya. Kabla ya kuiweka, andika sentensi moja: nanochembe hii itafanya nini ambacho safaktanti haiwezi? Kwa ninavyoona, majibu yenye msingi imara ni manne.

La kwanza ni kulinda safaktanti isinate mwambani. Nanochembe za silika (madini yaleyale ya mchanga) zenye chaji hasi haziungani na safaktanti hasi, na zinaweza kushika nafasi za uso wa mwamba ambazo safaktanti ingezishika. Nitalirudia hili kwa hesabu, kwa kuwa ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote.

La pili ni kugeuza ulowano, yaani kama mwamba unapenda maji au mafuta. Mwaka 2003 Wasan na Nikolov walionyesha katika jarida la Nature kwamba nanochembe zinazofika kwenye kabari nyembamba ya maji kati ya mafuta na uso mgumu hujipanga kwa tabaka, na mpangilio huo huleta shinikizo linaloisukuma kabari mbele na kuyanyanyua mafuta. Kwenye maabara utaliona kama pembe ya mguso inayobadilika, yaani pembe ambayo tone hufanya na uso wa mwamba. Kipande cha chokaa kilicholowekwa kwenye mafuta kikipimwa kabla na baada, tofauti huonekana waziwazi.

La tatu ni kuimarisha povu na emulsheni. Nishati inayohitajika kuing'oa chembe kwenye mpaka wa maji na mafuta hutegemea mraba wa nusukipenyo chake. Chembe yenye nusukipenyo cha nanomita 10, iliyo na pembe ya digrii 90 na mkazo wa 30 mN/m, huhitaji nishati kama mara 2,300 ya ile ya mtikisiko wa joto wa kawaida. Molekuli ya safaktanti huingia na kutoka mpakani kila wakati. Chembe ikishaingia haitoki. Ndiyo maana povu la kaboni dioksidi lenye nanochembe hudumu pale ambapo la safaktanti pekee hupasuka.

La nne ni kubeba, yaani nanochembe kuishika safaktanti juu ya uso wake na kuiachia ikifika kwenye mafuta. Wazo ni zuri, lakini ni gumu kulithibitisha ndani ya mwamba, na anayeanza alipe muda kwanza.

Je, nanochembe hushusha mkazo wa mpaka? Kidogo. Silika tupu inayopenda maji haiendi mpakani yenyewe. Inapokuwa pamoja na safaktanti yenye chaji sawa, huisukuma safaktanti kuelekea mpakani, na mkazo hupungua kiasi. Silika isiyofunikwa pamoja na safaktanti chanya ni habari nyingine: zinashikana, safaktanti huwa koti la silika, na chembe hugeuka kupenda mafuta nusu. Hiyo ni njia nzuri ya kutengeneza povu, na ni njia mbaya ya kupata mkazo mdogo kwa sababu umeitumia safaktanti yako kuvalisha chembe.

Kwa mwamba wa mchanga na safaktanti hasi, anza na silika ya kolodi, yaani iliyokwisha kutawanywa majini, yenye nanomita 10 hadi 20. Alumina (oksidi ya alumini) hugeuza chaji kuwa hasi pale pH inapopita 9 hivi, kwa hiyo kwenye maji ya kawaida ina chaji chanya na itazishika safaktanti hasi.

Sita, changanya bila kugandisha

Nanochembe hukaa mbalimbali kwa sababu chaji zao husukumana. Chumvi huua msukumo huo. Kwenye maji yenye chumvi ya milimoli 1 kwa lita, msukumo hufika nanomita 10 hivi kutoka kwenye uso. Kwenye maji yenye chumvi kama ya bahari haufiki hata nusu nanomita. Hapo chembe hugusana, hushikana, na kuwa mafungu. Ukipima zeta, yaani kipimo cha chaji ya chembe, kwenye maji safi na kupata milivolti −40, usijidanganye. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu maji ya hifadhi.

Kwa maji ya chumvi nyingi, basi, silika tupu haitoshi. Inahitaji koti la molekuli zilizofungwa kwa kemia kwenye uso wake, kama silani zenye kupenda maji au minyororo ya polietilini glikoli, ili kizuizi kiwe cha mwili na siyo cha chaji pekee.

Utaratibu wa kuchanganya una uzito wake. Nunua silika iliyokwisha kuwa kwenye maji badala ya unga ukiweza: unga huja na mafungu magumu kuvunja, na vumbi lake huingia mapafuni. Ukilazimika kutumia unga, fanya kazi ndani ya kabati lenye kuvuta hewa, vaa barakoa yenye kichujio cha daraja la juu, na usipulize wala kufagia ukiwa mkavu. Punguza silika kwa maji yasiyo na chumvi, rekebisha pH iwe kati ya 9 na 10, kisha ongeza safaktanti iliyoyeyushwa tayari. Chumvi iwe ya mwisho, kidogokidogo, huku ukikoroga. Ukimwaga silika kwenye maji ya chumvi moja kwa moja, tone la kwanza linaganda kabla halijasambaa.

Mawimbi ya sauti ya kuvunja mafungu yatumike kwa vipindi vifupi, chombo kikiwa kwenye barafu, kwani joto linaweza kuvunja koti na safaktanti.

Halafu subiri. Weka chupa kwenye tanuri la joto la hifadhi kwa siku 30 au zaidi, na upime ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga mwanzoni, katikati na mwishoni. Ukihitaji kuzimua sampuli kwa ajili ya mashine, zimua kwa maji ya chumvi yaleyale. Kuzimua kwa maji safi huweza kuyatawanya mafungu yaliyolegea na kukuonyesha picha nzuri isiyo ya kweli.

Ukubwa unaokubalika unatoka kwenye mwamba. Makadirio ya haraka ya nusukipenyo cha koo ni kipeuo cha pili cha mara nane ya upenyezaji kugawanywa kwa sehemu ya uwazi ya mwamba. Kwa milidarsi 100 (milidarsi ni kipimo cha upenyezaji) na uwazi wa asilimia 20, unapata mikromita 2. Kwa milidarsi 1, nanomita 200. Kanuni ya zamani ya wachujaji husema chembe ikizidi theluthi ya kipenyo cha koo hujenga daraja na kuziba. Ikiwa kati ya theluthi na sehemu ya saba hukwama ndani. Chini ya sehemu ya saba hupita. Kwa mwamba wa milidarsi 1, mpaka ni nanomita 57 hivi. Chembe ya nanomita 20 inapita; fungu la chembe kadhaa halipiti.

Saba, hesabu kitakachomezwa na mwamba

Hesabu hii ndiyo inayoua miradi mingi ya safaktanti, na huchukua dakika tano kuifanya.

Chukua mita moja ya ujazo ya mwamba wenye uwazi wa asilimia 20. Sehemu ngumu ni asilimia 80, na kwa msongamano wa kilo 2,650 inakuwa kilo 2,120 za mchanga. Tuseme safaktanti hunata miligramu 0.3 kwa kila gramu ya mwamba, kiwango ambacho wengi wangekiita kizuri. Jumla ni gramu 636, kwenye vinyweleo vya mita 0.2 za ujazo. Yaani kila mita ya ujazo ya vinyweleo itameza kilo 3.2 za safaktanti kabla haijaachia tone lolote liendelee mbele.

Sasa tazama mpango wa kawaida: myeyusho wa asilimia 0.5 kwa nusu ya ujazo wa vinyweleo. Hiyo ni kilo 2.5 kwa mita ya ujazo. Imekwisha kabla ya kufika kisima cha kutolea mafuta. Ukipandisha hadi asilimia 1 kwa ujazo wa 0.4, unapeleka kilo 4 na kubaki na 0.8.

Weka silika ya asilimia 0.05 kwenye kipande hichohicho cha myeyusho. Hiyo ni kilo 0.2 tu kwa mita ya ujazo ya vinyweleo. Kama vipimo vyako vya maabara vikionyesha kuwa kwa kuwepo kwake kunata kumeshuka hadi nusu, umeokoa kilo 1.6 za safaktanti. Kilo moja ya silika imeokoa kilo nane. Hapo una kipimo cha haki cha kuamua: nanochembe inalipa ikiwa bei yake kwa kilo, pamoja na koti lake, haizidi mara nane ya bei ya safaktanti. Kunata kusiposhuka, au kukishuka kwa sehemu ya kumi tu, hesabu inageuka na unapaswa kuiacha.

Kunata kupimwe kwa kusukuma kwenye kiini kizima, yaani kipande cha mwamba chenye umbo la mcheduara. Mwamba uliosagwa una nyuso mpya nyingi na hutoa majibu ya kupita kiasi. Kumbuka pia kwamba nanochembe kwenye maji yanayotoka zinaweza kuvuruga mbinu za kupima safaktanti, hasa zile za rangi na titresheni. Zitenge kwanza kwa mashinepewa (mashine ya kutenganisha kwa kuzungusha kwa kasi), au uandae mstari wa ulinganisho wenye nanochembe ndani yake.

Nane, sukuma kwenye kiini

Safisha kiini kwa toluini na methanoli, kausha, pima uwazi na upenyezaji. Kijaze maji ya hifadhi kwa utupu, kisha sukuma mafuta hadi maji yasitoke tena. Kiache kwenye joto la hifadhi kwa wiki mbili hadi nne ili mafuta yazoeane na mwamba. Ukiruka hatua hii kwenye chokaa, utapima mwamba usiofanana na ule wa chini.

Sukuma maji hadi yatoke maji matupu kwa asilimia 99 na zaidi. Kisha kipande cha myeyusho, kisha maji ya polima yenye mnato wa kutosha kukisukuma bila kukitoboa, kisha maji. Chumvi ya polima iwe chini kuliko chumvi bora, ili safaktanti iliyobaki nyuma ihame kutoka kwenye mafuta na kuendelea na safari.

Kwa kiini chenye urefu wa sentimita 10 na kipenyo cha 3.8, ujazo wa vinyweleo ni mililita 23 hivi, na kasi ya hifadhi ni karibu mililita 0.05 kwa dakika. Ujazo mmoja huchukua saa nane. Ni polepole, na inabidi iwe hivyo. Ukiongeza kasi mara ishirini ili uwahi nyumbani, umeikuza namba ya kapilari mara ishirini na sifa utaipa kemikali.

Mafuta yaliyobaki baada ya maji, yakiwa asilimia 30 ya vinyweleo, ni mililita 7. Mililita moja iliyofichwa ndani ya mirija ya mashine ni sehemu ya saba ya mafuta yote unayoyatafuta. Pima ujazo wa mirija yako na uuondoe kwenye hesabu kabla ya kutangaza ongezeko lolote.

Kwa matokeo yanayoaminika unahitaji mistari minne kwenye viini vinavyofanana: maji na polima pekee, safaktanti na polima, nanochembe na polima, na vyote pamoja. Kila mstari urudiwe. Kusukuma kimoja baada ya kingine kwenye kiini kilekile hakutoi jibu, kwa kuwa wa pili hurithi kazi ya wa kwanza. Rekodi shinikizo muda wote. Likipanda bila kutulia, nanochembe zinaziba, na mafuta ya ziada unayoyaona huenda yanatokana na kuziba kunakogeuza njia ya maji. Huo nao unaweza kuwa utaratibu wa kutumia, ila uutambue kwa jina lake.

Tisa, kisima kimoja kabla ya visima vyote

Kusukuma safaktanti kwa kiwango cha uwanja mzima ni jambo lililothibitika. Kwenye uwanja wa mafuta wa Daqing nchini China wametumia alkali, safaktanti na polima pamoja kwa upana. Nanochembe ziko nyuma ya hapo. Mwaka 2010 Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, walisukuma nanochembe za kaboni zinazong'aa kwenye mwamba wa Arab-D, wenye joto na chumvi kali, na sehemu kubwa ikarudi juu. Jaribio hilo lilionyesha kuwa chembe iliyotengenezwa vizuri inaweza kuingia na kutoka salama. Mafuta ya ziada yanahitaji uthibitisho wake.

Uthibitisho huo upate kwa kisima kimoja. Sukuma ethili asetati, funga kisima kwa siku chache ili sehemu yake igeuke ethanoli, kisha fungua. Ethanoli hupenda maji na hurudi mapema. Ethili asetati hukawia kwa sababu hupitia kwenye mafuta. Tofauti ya muda hukupa kiasi cha mafuta yaliyobaki. Fanya hivyo kabla na baada ya kusukuma myeyusho wako, kwenye kisima kilekile.

Andaa pia kinachokuja juu. Safaktanti na nanochembe hutengeneza emulsheni ngumu kwenye matangi ya kutenganishia, na ile nishati ya mara 2,300 iliyokusaidia chini itakusumbua hapa. Jaribu kemikali za kuvunja emulsheni maabara ukitumia mafuta na maji yenye mchanganyiko wako kamili, wiki kadhaa kabla ya kusukuma myeyusho chini kwa mara ya kwanza. Maji yaliyotenganishwa yachujwe na yapimwe silika na safaktanti kabla ya kurudishwa chini, na yasimwagwe kwenye mto wala bahari.

Mwisho, pima kwa kilo kwa pipa. Ukitumia kilo 4 za safaktanti kwa kila mita ya ujazo ya vinyweleo, mafuta yakashuka kutoka asilimia 30 hadi 15, na myeyusho ukafika nusu tu ya eneo, unapata lita 75, chini kidogo ya nusu pipa. Hiyo ni zaidi ya kilo 8 kwa pipa. Kwa kunata kulikopungua nusu, kilo 2.4 zinatosha kuacha akiba ileile, na unashuka hadi kilo 5. Namba hiyo ndiyo ya kupeleka mezani kwa mwenye hifadhi, pamoja na mistari minne ya viini na matokeo ya kisima kimoja.